Madoa ya Rangi Kinywani: Yapi ni Maumbile, na Yapi ni Ugonjwa

Kinywa ni mlango wa mwili, na mwenye nyumba mwema hutazama mlango wake kila siku. Lakini watu wengi hawatazami ndani ya vinywa vyao ila siku ile jino linapouma. Hapo ndipo mtu huona doa jeusi juu ya ufizi, au utando mweupe juu ya ulimi, au baka jekundu kwenye kaakaa, akashikwa na hofu. Hajui kama doa lile limeanza juzi au alizaliwa nalo.

Hofu hiyo huleta hasara za namna mbili. Yuko mtu anayetumia fedha zake kununua dawa za kila namna kwa ajili ya doa ambalo si ugonjwa kabisa. Na yuko mwingine anayelificha doa la hatari kwa miezi mingi kwa sababu ya haya, mpaka ugonjwa umekwisha kuenea. Basi yafaa kila mtu, mwanamume na mwanamke, ajue sababu za madoa hayo na aina zake, apate kutofautisha la kupuuzwa na la kupelekwa hospitali.

Habari hii yawahusu hasa watu wa Busia na Malaba. Miji hiyo ni milango pia. Malori yatokayo bandari ya Mombasa hupita hapo yakienda Kampala, Kigali na Juba, na huko Malaba hupita reli vilevile. Watu huvuka kila siku kwa biashara, kwa shule, na kwa kuwatembelea jamaa, maana Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Pamoja na bidhaa, huvuka pia dawa na maneno. Mtu mwenye doa kinywani huweza kupata shauri moja asubuhi upande wa Kenya na shauri jingine jioni upande wa Uganda. Mmoja atamwambia ni UKIMWI, wa pili atasema amerogwa, na wa tatu atamwuzia chupa ya dawa bila hata kumwambia afunue kinywa.

RANGI YA KAWAIDA YA KINYWA

Kwanza lazima tujue rangi ya kinywa kizima. Watu wengi hudhani kwamba kinywa chenye afya ni chekundu cha waridi kila mahali, kama kilivyo katika picha za matangazo ya dawa ya meno. Sivyo. Ngozi laini ya kinywa ina chembe zinazotengeneza rangi nyeusi iitwayo melanini, ile ile inayotia ngozi yetu weusi. Wanadamu wote wana chembe hizo kwa idadi iliyo karibu sawa, ila katika watu weusi zinafanya kazi zaidi. Kwa hiyo Waafrika wengi wana fizi nyeusi au za kahawia, au mabaka meusi upande wa ndani wa mashavu, au vitone vyeusi kwenye ncha ya ulimi.

Weusi huo wa maumbile una dalili zake. Huanza tangu utoto, na mara nyingi huonekana kwa baba au mama pia. Huwa sawasawa upande wa kuume na wa kushoto. Hauvimbi, hauumi, hautoi damu, wala haubadiliki kutoka mwezi hata mwezi. Mtu mwenye weusi wa namna hii hana ugonjwa, wala hahitaji dawa. Asijaribu kuusugua kwa majivu au mchanga ili fizi ziwe nyekundu; atajiumiza bure.

MASWALI MATATU

Rangi peke yake haisemi jina la ugonjwa. Doa jeupe laweza kuwa maziwa ya mtoto, na laweza kuwa mwanzo wa saratani. Kwa hiyo daktari aonapo doa huuliza maswali, na maswali hayo hata mtu wa nyumbani aweza kujiuliza.

Swali la kwanza: Doa lilianza lini? Vidonda vingi vidogo vya kinywa hupona vyenyewe kwa muda wa siku saba hata kumi na nne. Doa au kidonda kilichokaa zaidi ya majuma 2 bila kupona, hata kama hakiumi, lazima kionyeshwe kwa daktari.

Swali la pili: Je, linafutika? Doa jeupe linalotoka likifutwa kwa kitambaa safi si sawa na lile lililoshikamana na ngozi. Vivyo hivyo, doa la zambarau ambalo hupauka likibonyezwa huwa ni damu iliyo ndani ya mishipa. Lile lisilopauka lina sababu nyingine.

Swali la tatu: Limefuatana na nini? Homa, kukonda, kuharisha kwa muda mrefu, uvimbe shingoni, jino kulegea, au ganzi ya mdomo ni mashahidi wanaomsaidia daktari kuujua ugonjwa wenyewe.

MADOA MEUPE

Doa jeupe linaloonekana mara nyingi hutokana na kuvu aitwaye kandida. Huwa kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi, mashavuni na kwenye kaakaa. Ukilifuta hutoka, na chini yake ngozi huwa nyekundu, na pengine hutoa damu kidogo. Watoto wachanga hupatwa sana, wala si jambo la kutisha. Muuguzi atampa mama dawa ya matone, na kama chuchu za mama zina maumivu atazitibu pia ili mtoto asiambukizwe tena. Kuvu huyu hushika pia watu waliotumia dawa za kuua vijidudu kwa muda mrefu, watu wenye kisukari, na wale wanaovuta dawa ya pumu kwa pampu bila kusukutua maji baadaye. Lakini mtu mzima anayepatwa na utando huu bila sababu iliyo wazi yampasa apimwe virusi vya UKIMWI na sukari ya damu. Kumeza dawa ya kuvu tu, bila kutafuta kilichomfungulia mlango, ni kufukuza moshi na kuuacha moto.

Wengi hupaka dawa ya maji ya rangi ya zambarau. Dawa hiyo ni ya zamani na huua kuvu, lakini ikiwa kali mno huunguza kinywa, tena huacha rangi inayoficha doa lenyewe. Heri mtu aonyeshe kinywa chake kwanza, ndipo apakwe kwa kipimo cha mwenye ujuzi.

Aina ya pili ni baka jeupe lisilofutika, ambalo waganga huliita lukoplakia. Hutokea zaidi kwa wavutaji na watafunaji wa tumbaku. Haliumi, na kwa hiyo mtu huweza kukaa nalo miaka mingi. Si kila baka la namna hii hugeuka saratani, lakini baadhi yao hugeuka, na hakuna anayeweza kujua kwa macho ni lipi litakalogeuka. Ni lazima likaguliwe hospitali.

Aina ya tatu ni mistari meupe kandokando ya ulimi, iliyosimama kama nywele fupi, nayo haifutiki. Waganga wa mji wa San Francisco, Marekani, waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Mistari hiyo yenyewe haidhuru, lakini ni ishara kwamba kinga ya mwili imepungua, na mara nyingi ni kwa sababu ya virusi vya UKIMWI.

Mistari meupe iliyosukwa kama utando wa buibui ndani ya mashavu yote mawili ni ugonjwa mwingine, usioambukiza, nao wahitaji kutazamwa na daktari mara kwa mara. Na vitone vyeupe vidogo kama chembe za chumvi, juu ya ngozi nyekundu ya shavu la mtoto mwenye homa, mafua na macho mekundu, ni dalili ya surua. Daktari Henry Koplik wa New York alivieleza mwaka 1896. Huonekana siku moja au mbili kabla ya vipele vya mwilini, kwa hiyo mama mwenye macho makali huweza kumpeleka mtoto kliniki mapema. Chanjo ya surua hutolewa nchini Kenya mtoto anapotimiza miezi 9, na tena miezi 18.

Mwisho, wako watu wanaoweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi wa jino linalouma. Kidonge hicho huunguza ngozi ikawa nyeupe na kuchubuka. Aspirini kazi yake ni kumezwa; ikiwekwa juu ya ufizi haiponyi jino, bali huongeza kidonda.

MADOA MEKUNDU NA KINYWA KILICHOPAUKA

Kidonda kidogo cha mviringo, chenye moyo mweupe au wa manjano na ukingo mwekundu, huuma sana mtu anapokula pilipili au ndimu. Huja na kwenda, na kwa kawaida hupona kwa juma moja au mawili. Hakina hatari, ila ubaya wake ni maumivu.

Fizi nyekundu zilizovimba na kutoa damu wakati wa kupiga mswaki hutokana mara nyingi na uchafu uliogandamana na meno. Wanawake wajawazito hupatwa zaidi. Dawa yake si kuacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, bali ni kusafisha meno vizuri zaidi, na kwenda kwa mganga wa meno kuondolewa ugaga.

Ulimi mwekundu, laini kama uliolambwa na unaowasha, pamoja na pembe za midomo zilizopasuka, huonyesha upungufu wa chakula bora. Anayekula ugali wa mahindi au wa mihogo siku zote, bila kitoweo chenye nguvu, hukosa vitamini zinazojenga ngozi. Maharagwe, njugu, omena, maziwa, mayai na mboga za majani hujaza upungufu huo, na vyote hupatikana katika masoko ya Busia.

Kinywa kikiwa cheupe kwa kupauka, pamoja na viganja na sehemu ya ndani ya kope za macho, ni dalili ya upungufu wa damu. Malaria, minyoo ya safura, na uzazi wa karibu karibu ni sababu zake kubwa katika nchi zetu.

Yako pia mabaka mekundu juu ya ulimi yenye ukingo mweupe, ambayo huhama: leo yako hapa, baada ya siku chache yako pale, kama nchi zilizochorwa katika ramani. Hayo hayana madhara.

Lakini baka jekundu lililo kama kitambaa cha mahameli, lisilohama wala kupona, hasa chini ya ulimi au pembeni mwake, ni la kuogopwa kuliko lile jeupe. Laweza kuwa dogo kama punje ya kunde, tena lisiume, na huku saratani imekwisha kuanza ndani yake.

MADOA YA ZAMBARAU

Sasa twafikia doa ambalo watu wa Afrika Mashariki yawapasa walijue vema kuliko watu wengi wa dunia. Ni doa la zambarau, au la rangi ya damu ya mzee, linaloonekana mara nyingi kwenye kaakaa au juu ya fizi. Mwanzoni huwa bapa na haliumi; halipauki likibonyezwa. Baadaye huinuka likawa uvimbe, huweza kutoa damu na kulegeza meno, na mara nyingi madoa ya namna hiyo huonekana pia miguuni au mwilini.

Jina la ugonjwa huu latokana na Daktari Moritz Kaposi wa Vienna, aliyeueleza mwaka 1872 kwa wazee wachache wa Ulaya. Baadaye ilionekana kwamba katika Uganda na Kongo ulikuwa wa kawaida zaidi, hata mwaka 1961 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kwa ajili ya ugonjwa huu peke yake. Ulipokuja UKIMWI, madoa haya yaliongezeka sana, na tena yakawa makali. Sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua kirusi kinachouleta, kilicho cha jamaa moja na virusi vya malengelenge ya midomo.

Maana ya habari hii ni nini kwa mtu wa Malaba anayejitazama katika kioo cha lori? Ni mambo mawili. La kwanza, doa la zambarau si hukumu. Mtu huweza kuwa nalo bila kuwa na virusi vya UKIMWI, na doa jingine la zambarau huweza kuwa mshipa wa damu tu au jeraha. Asiyepimwa hajui, na jirani anayenong'ona hajui zaidi. La pili, hata kama ni ugonjwa wa Kaposi, matibabu yako. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali nchini Kenya, na kwa wagonjwa wengi madoa hunywea kinga ya mwili inaporudi. Wengine huhitaji kuongezewa dawa za saratani. Katika Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi huko Eldoret, umepeleka huduma za watu wenye virusi mpaka Busia. Anayekuja na doa dogo hupona kwa urahisi kuliko anayekuja na uvimbe uliojaza kinywa. Ucheleweshaji ndio unaoua, na mara nyingi kinachomchelewesha mtu ni haya.

MADOA MEUSI NA YA BULUU

Tumekwisha kusema habari za weusi wa maumbile. Lakini yako madoa meusi yanayokuja ukubwani, na hayo yana sababu nyingi.

Doa la kijivu au la buluu karibu na jino lililozibwa kwa madini ya fedha huwa ni chembe za madini hayo zilizoingia ufizini. Halina hatari. Uvutaji wa sigara hutia weusi midomo na fizi za mbele, na weusi huo hupungua polepole mtu akiacha. Ulimi mweusi wenye vinyweleo hutokana na sigara, dawa za kuua vijidudu, au kutosafisha ulimi. Hauna madhara, nao huondoka kwa kusuguliwa kwa mswaki.

Dawa nyingine huacha rangi kinywani. Klorokwini, ambayo Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, iliweza kuleta rangi ya kijivu kwenye kaakaa la mtu aliyeitumia kwa muda mrefu. Zidovudini, mojawapo ya dawa za virusi vya UKIMWI, huweza kutia weusi kucha na kinywa. Mgonjwa anayeona hivyo asiiache dawa yake kwa hofu, bali amwulize daktari wake.

Weusi mpya unaoenea kinywani na mwilini, pamoja na udhaifu, kukonda, kizunguzungu na hamu ya chumvi, huweza kutokana na tezi zilizo juu ya mafigo. Daktari Thomas Addison wa London alieleza jambo hili mwaka 1855. Kifua kikuu ni moja ya sababu zake, kwa kuwa huweza kuziharibu tezi hizo. Na mstari wa buluu kwenye ukingo wa fizi, kando ya meno, ni dalili ya sumu ya madini ya risasi. Yamfaa kuujua mtu anayevunja au kuyeyusha betri kuukuu za magari.

Saratani nyeusi ya kinywa ni adimu, lakini ni kali. Doa jeusi lililoanza ukubwani, la upande mmoja tu, lenye ukingo usio sawa, linalokua au kutoa damu, lisingojewe hata kidogo.

MAMBO YA WATOTO

Mtoto wa miezi michache anapopata homa na kuharisha, mama hufunua kinywa chake akaona uvimbe mweupe ufizini, mahali yatakapoota meno ya chonge. Huambiwa kwamba hayo ni meno ya uongo au ya plastiki, au kwamba ndani yake mna funza, na kwamba yasipong'olewa mtoto atakufa. Uganda huyaita ebinyo. Jens Pindborg, mtaalamu wa meno kutoka Denmark, aliandika habari za desturi hii huko Acholi, kaskazini ya Uganda, mwaka 1969, na tangu hapo imeonekana katika Kenya, Tanzania, Ethiopia na Sudan.

Wazazi wapendwa, uvimbe huo si ugonjwa. Ni jino la kweli la mtoto, lingali changa na laini, likingoja wakati wake. Weupe wake ni weupe wa jino linalosukuma ngozi. Kulichimbua kwa spoki ya baiskeli, msumari au kisu humletea mtoto kupotewa na damu, pepopunda, sumu ya damu, na hata kifo. Na anayepona huweza kuota meno ya ukubwani yaliyopinda au yasiote kabisa. Kilichomharisha ni tumbo, na kilichomletea homa huenda ni malaria. Dawa ya kuharisha ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, na kupelekwa kliniki. Yule anayechimbua ufizi huonekana amemponya mtoto ambaye angepona mwenyewe. Na yule anayekufa husemwa kwamba aliletwa kwa kuchelewa.

Rangi nyingine ya kuogopwa kwa mtoto ni ile ya kijivu inayogeuka nyeusi. Mtoto dhaifu wa miaka 2 hata 6, aliyetoka kuugua surua au malaria, akiwa na kidonda ufizini kinachotoa damu na harufu mbaya, kisha shavu likavimba na kuingia weusi, ana ugonjwa uitwao noma. Kwa siku chache tu huweza kutoboa shavu. Hauambukizi, wala si laana. Ukitibiwa mapema kwa dawa za kuua vijidudu, kusafishwa kinywa na chakula chenye nguvu, mtoto hupona. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023.

Tena kuna uvimbe wa taya unaolegeza meno ya mtoto kabla ya wakati wake. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alimwona mtoto wa namna hiyo mwaka 1957, akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kama kilometa 16,000 wakiuliza hospitali hata hospitali, wakatambua kwamba ugonjwa hufuata nchi za joto na mvua, ambazo ndizo nchi za malaria. Mwaka 1964 kirusi kinachoshirikiana nao kiligunduliwa London, nacho ndicho kile kile kinacholeta mistari meupe kandokando ya ulimi tuliyoitaja juu. Saratani hii hukua upesi sana, lakini pia huitikia dawa upesi, na watoto wengi wamepona.

TUMBAKU NA POMBE

Wakulima wa nchi ya Teso wamelima tumbaku kwa miaka mingi, nao wameiona fedha yake. Lakini jani hilo, likivutwa, likitafunwa au likinuswa, ndilo sababu kubwa ya mabaka meupe na mekundu yanayogeuka saratani. Pombe huongeza hatari, na viwili hivyo vikikutana hatari huzidi ile ya kimoja kimoja ikijumlishwa. Aliye na baka kinywani akiacha tumbaku, huenda baka likapungua lenyewe.

KUKATWA KIPANDE SI KUENEZA SARATANI

Maneno mengi yamesikika ya kwamba saratani ikiguswa na kisu huenea. Kwa ajili ya hayo wagonjwa hukimbia hospitali siku ile wanapoambiwa kwamba kipande kidogo kitakatwa kipimwe kwa darubini. Maneno hayo si ya kweli. Kipande hicho ni kidogo, mgonjwa hutiwa ganzi, na bila ya hicho hakuna daktari awezaye kusema kwa hakika doa ni nini. Wanaokufa baada ya kukatwa hufa kwa sababu walikuja ugonjwa ukiwa umeenea, wala si kwa sababu ya kisu.

JINSI YA KUJITAZAMA

Mara moja kila mwezi, nawa mikono, simama penye mwanga wa jua ukiwa na kioo. Tazama midomo kwa ndani, fizi zote, na mashavu yote mawili. Toa ulimi, utazame juu yake, kisha ushike kwa kitambaa na kuutazama kila upande, na chini yake. Inua kichwa uone kaakaa. Papasa shingo kama kuna uvimbe. Kazi yote haizidi dakika tano, na mtu aliyezoea kinywa chake hulitambua doa geni mara moja.

Ukiona doa la kutia shaka, nenda zahanati iliyo karibu. Ikiwa kuna haja utaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Kocholia kwa watu wa Malaba, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Busia, na kutoka huko mpaka Eldoret. Madereva na wafanya biashara wanaolala leo hapa na kesho kule wachukue karatasi zao za hospitali katika safari, ili daktari wa mji mwingine ajue doa lilikuwa la ukubwa gani na dawa gani zimekwisha kutolewa. Na kila mmoja aikumbuke tarehe aliyoliona doa kwa mara ya kwanza, aihesabu majuma 2. Likipona kabla ya hapo, na lipone. Likibaki, asiulize jirani. Aende akaonyeshe kinywa chake kwa daktari.